Fundi anayenusa moshi kabla ya kushika spana

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamume mwenye ovaroli ya rangi ya majivu amechuchumaa nyuma ya gari dogo la buluu, macho ameyafumba kama anayesali. Injini inanguruma. Mkononi ana kitambaa cheupe, kipya, cha ukubwa wa leso, na amekishika mbele ya bomba la moshi kwa umbali wa shubiri moja.

Anahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Kisha anakisogeza kitambaa puani, ananusa mara mbili, mara ya kwanza kwa ufupi, ya pili kwa kuvuta hadi mabega yanapanda. Anasimama. Katikati ya kitambaa kuna doa la rangi ya chai, lenye mng'ao wa mafuta pembezoni.

"Linakula oili," anasema. "Hilo hata mpita njia angekwambia. Swali ni kwa nini."

Hatua tatu kutoka hapo amesimama mwanamke wa makamo, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ni mkunga. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye anayefungua mlango na kuwaambia watu waliosimama namna hiyo koridoni kwamba mambo ni mazuri, au watulie kidogo. Leo zamu imegeuka. Aliye koridoni ni yeye.

Saa sita mchana mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kulivuta gari hilo. Wameshapatana. Mafundi watatu, kwa nyakati tatu tofauti, wamemwambia maneno yale yale: ringi za pistoni zimelika, injini imekwisha, na gharama ya kuifungua itazidi thamani ya gari lenyewe. Amefika hapa kwa sababu muuguzi mwenzake alimsihi asilizike gari kabla ya kulipitisha kwa "yule wa pua".

Gari hilo ameliendesha miaka kumi na moja. Ndilo linalompeleka kwa wajawazito wa milimani wasioweza kushuka wenyewe hadi zahanati. Watoto wanne wamezaliwa kwenye kiti chake cha nyuma, na mmoja wao, ambaye sasa yuko darasa la tatu, kila akiliona likipita huwaambia wenzake kwamba lile ni gari lake.

"Mtoto akishaamua kuja, hasubiri basi," anasema mkunga. "Nikiliuza hili, wale wa juu kule watanipigia simu nami nitawaambia nini? Kwamba nakuja kwa miguu?"

Fundi anakibana kitambaa kwenye kamba na kibanio cha nguo, anaandika tarehe kwa kalamu ya wino pembeni mwa doa, kisha anavuta kigoda na kumkaribisha mkunga aketi. Spana bado hajaigusa.

Ana miaka arobaini na mitatu. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima humwita Pua, na yeye hulibeba jina hilo kwa fahari kama mwenzake angebeba cheo. Gereji yake ni kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji iliyonyooka, meza moja ya chuma, na lango la mbao ambalo ameliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe:

*Sema nami kwanza, moshi. Spana yangu, isubiri.*
*Macho tu hayanitoshi. Pua ndiyo mshauri.*

Nyuma ya kibanda kuna kamba tatu zilizofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na juu yake vinapepea vitambaa kama nguo za watoto mapacha. Kila gari lenye moshi hupewa viwili: kimoja siku ya kufika, kimoja siku ya kuondoka. Hubanwa pamoja, kichafu mbele na kisafi nyuma, na mwenye gari huruhusiwa kuja kukitazama cha kwake wakati wowote.

Mwaka jana alipokea magari tisini na sita yaliyokuwa yakila oili. Injini alizozifungua ni kumi na tisa tu. Zilizobaki zilikuwa na dosari ndogondogo: sili zilizokauka, mpira uliopasuka, kidude kilichoziba. Kwa kunusa na kupima hutoza bei ya lita mbili za oili, basi. Kufungua injini moja kungempa kipato cha mwezi mzima, na mafundi wenzake humcheka kwamba anaupiga teke ugali wake mwenyewe.

Yeye huwaacha wacheke. Somo hili alilisoma kwa gharama ya mtu mwingine.

Miaka tisa iliyopita, mjomba wake, fundi cherehani, alimletea gari lililokuwa likitoa moshi. Pua, ambaye siku hizo bado aliitwa kwa jina lake, aliutupia moshi jicho moja akatangaza kuwa ni ringi. Hakuuliza lolote. Aliifungua injini, akaipeleka kuchongwa, akairudisha baada ya wiki tatu akiwa amekonda. Siku ya kuiwasha, majirani walikusanyika na mjomba alivaa shati jipya. Ukatoka moshi ule ule, na wa buluu ile ile.

Kosa lilikuwa kwenye valvu ndogo ya kupumulia injini, kitu cha ukubwa wa kidole gumba kilichoziba kwa uchafu. Bei yake ilikuwa ya mikate miwili. Lakini hilo lilijulikana wakati mjomba ameshaimaliza akiba yake na hamu ya gari imemwisha. Aliliuza kwa bei ya chuma, akaanza kwenda dukani kwake kwa miguu.

"Hakunigombeza," anasema Pua, akipangusa mikono ambayo haina uchafu. "Angenigombeza ningepona. Alipita hapa kila asubuhi kwa miguu, ananisalimu vizuri tu: 'Umeamkaje, mpwa wangu?' Ile salamu ilinichoma kuliko tusi."

Ulipopita mwaka, Pua alijikaza akaenda dukani kwa mjomba kuomba vipande vya kitambaa cheupe vinavyobaki kwenye ukataji. Mjomba akamuuliza vya nini. Akajibu kwamba anataka kujifunza kuuliza kabla ya kufungua. Tangu siku ile, kila Jumatatu mzee huyo humletea fungu la vipande, vimepigwa pasi, na kila mara humkabidhi kwa sentensi moja: "Ada nimelipa mimi. Wewe usirudie darasa."

Ndiyo maana asubuhi hii, mkunga akiwa kigodani na saa ikikimbia, Pua anaanza na maswali.

Moshi hutoka lini, gari likiwashwa asubuhi, likipanda, au likiteremka? Mkunga anafikiri. Hutoka muda wote, anasema, kwa miezi kumi sasa, ila mbaya zaidi ni asubuhi akipandisha barabara ya kwanza. Huongeza oili mara ngapi? Kila jioni ya tatu, karibu lita nzima. Nani huipima? Yeye mwenyewe, na hapo anainua kidevu. Mtu ambaye kazi yake ni kupima dawa kwa matone hawezi kushindwa kusoma kijiti cha oili.

Pua anamwomba asifiche kitu, hata kama anaona ni cha aibu. "Mficha uchi hazai, dada."

"Hiyo methali ya kazini kwangu, fundi," anajibu mkunga. "Wewe tafuta ya kwako."

Ndipo linapotoka jambo moja ambalo mafundi wengine hawakulisikia, kwa kuwa hawakuuliza. Fundi wa tatu, kabla ya kukata tamaa, alimwaga oili yote akaweka mpya. Gari likakaa siku nne bila kutoa hata uzi wa moshi. Siku ya tano likarudia ugonjwa.

Pua anairudia hesabu hiyo kwa vidole: nne, halafu tano. Ringi iliyolika haipati nafuu ya siku nne, anaeleza. Chuma hakiendi likizo. Ikiwa gari lilipona likaugua tena, basi kuna kitu kililirudishia ugonjwa.

Anaanza kazi. Anatoa plagi zote nne na kuzipanga mezani juu ya gazeti. Zote zina unyevu wa oili, hakuna iliyo mbaya kuliko nyingine. Anafunga geji ya kupimia nguvu ya silinda, mkunga anageuza ufunguo, sindano inapanda. Silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne: anaandika namba ukutani kwa chaki, na namba hizo zimekaribiana kama ndugu wa tumbo moja. Ringi ni nzima. Injini ambayo mafundi watatu waliisomea dua ina kifua cha kijana.

Ingekuwa habari njema, ila moshi upo palepale. Anaufungua mpira wa hewa na kuukuta umelowa oili ndani. Anaikagua valvu ya kupumulia, ile iliyomtia aibu miaka tisa iliyopita, akiishika kwa heshima ya mtu anayemsalimu adui wa zamani. Ni safi. Anaitikisa, inalia kama inavyopaswa. Inafika saa nne na robo na Pua amesimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

Jirani yake, mchomeleaji anayeitwa Cheche, anainua kinyago chake na kuchungulia. Hawa wawili wametaniana tangu siku ya kwanza walipopanga vibanda hapa, na Cheche hangeiacha nafasi kama hii.

"Pua leo ina mafua," anatangaza kwa mtaa mzima.

"Funga kinyago, mwenzangu, utaunguza hata huo uso uliobaki," Pua anamjibu bila kugeuka. Lakini jasho linamtoka, na mkunga, aliyezoea kusoma nyuso, anautazama mkoba wake.

Kimebaki kijiti cha oili. Pua hukiacha kwa makusudi hadi injini ipumzike na oili yote ishuke chini. Tena nusura leo akiruke, kwa sababu mwenye gari ameapa kwamba hupima mwenyewe. Anakivuta, anakipangusa, anakirudisha, anakivuta tena. Anakitazama. Anakipangusa upya na kurudia mara ya pili, mara ya tatu.

Oili haiko kwenye alama. Imeipita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

Mkunga anasimama ghafla. Haiwezekani, anasema; juzi jioni aliporudi nyumbani kijiti kilikuwa kikavu nchani, na ndiyo maana akaongeza. Pua anamuuliza anaegesha wapi. Anaegesha mlangoni kwake. Na mlangoni kwake pakoje? Mkunga ananyanyua kiganja na kukiinamisha. Nyumba yake iko kilimani. Gari hulala limeinua pua juu.

Pua anaweka mbao mbili za mteremko mbele ya magurudumu, analipandisha gari hadi pua yake inatazama bati la paa, analizima, na kusubiri. Kisha anampa mkunga kijiti akivute mwenyewe. Kinatoka kimelowa hadi karibu na alama tu, kama alivyokiacha juzi. Wanalishusha, wanasubiri tena. Kinatoka kimelowa hadi juu ya alama. Oili ni ile ile na gari ni lile lile. Kilichobadilika ni sakafu.

Mkunga anakirudisha kijiti mahali pake. Halafu anaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha anaketi kigodani na kujipepea kwa mkono. Miezi kumi amekuwa akimlisha aliyeshiba.

Hapo Pua anamweleza jinsi injini inavyoteseka ikijazwa kupita kiasi: oili hupigwapigwa kama mayai, hutoa povu, povu hupanda kwenye mpira wa hewa, na injini haina budi kulivuta na kulichoma. Ndipo moshi wa buluu hutokea. Mwenye gari huuona, hudhani oili inapungua, huongeza nyingine. "Mgonjwa haulizwi uji," anasema, "lakini huyu wako umemsukumia sufuria nzima."

Anamwaga oili yote kwenye ndoo yenye alama za lita. Injini hii hubeba oili lita nne. Inatoka lita nne, inatoka ya tano, na bado inatiririka hadi tano na nusu.

Sasa Pua ndiye anayekunja uso. Mteremko wa mlangoni anaweza kuuhesabu: unadanganya kwa lita moja hivi. Nusu lita iliyobaki imetoka wapi? Mkunga anaapa kwamba yeye huongeza hadi kwenye alama, hazidishi tone. Yeye si mtu wa kukadiria. Sauti yake inaanza kuwa kali kidogo, na Pua anamwamini, jambo linaloifanya hesabu iwe ngumu zaidi.

Saa tano anafika mume wa mkunga. Ni muokaji mikate, mtu mnene mpole mwenye unga hadi kwenye nyusi. Ametoka kazini moja kwa moja, na mkate wa moto kwapani, kuja kuliaga gari kabla halijavutwa. Anamsalimu kila mtu. Anapiga bodi ya gari kofi dogo, kama anayemsindikiza msafiri.

"Karibu, shemeji," anasema Pua, na anaupokea mkono wake. Lakini hauachii. Anaugeuza kiganja juu, anauinua taratibu, na mbele ya wote anaunusa: mara moja kwa ufupi, mara ya pili kwa kuvuta.

Cheche ameshazima mashine yake.

"Hamira," anasema Pua. "Unga. Chumvi kidogo." Anashusha pua hadi kwenye ukingo wa mkono wa shati. "Na oili mpya, ya leo. Shemeji, wewe huoka mikate kwa oili ya injini?"

Muokaji anamtazama mkewe, anatazama ndoo, anatazama viatu vyake. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi wa sukari, anaeleza. Mwaka jana nati ya chini ya injini ililegea, oili ikavuja yote njiani, taa nyekundu ikawaka, na mkewe akatembea kilima kizima kumfikia mama aliyekuwa akijifungua. Alirudi asubuhi miguu imevimba, hawezi kuvua viatu. Nati ilikazwa siku ile ile. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo, kila alfajiri anapokwenda kuwasha tanuri, mkewe akiwa bado amelala, yeye hufungua boneti na kumimina kikombe kimoja. Kijiti hakitazami, kuna giza. Humimina tu, hufunga boneti taratibu, na kuondoka.

Miezi kumi. Mke jioni, mume alfajiri, wote wawili tangu siku ya ile nati. Kila mmoja akimficha mwenzake wasiwasi, na gari likimezea siri ya wote wawili.

"Kwa nini hukuniambia?" anauliza mkunga.

"Ungenikataza. Ungesema nisishike oili kabla ya kukanda unga."

"Ningesema."

"Basi."

Mkunga anampangusa unga kwenye nyusi kwa kidole gumba, halafu anageuka haraka kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakimo. Pua anajishughulisha na ndoo. Ni Cheche anayesema: mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya hawa yamekohoa kupitia bomba la moshi.

Mnunuzi wa vyuma chakavu anafika saa sita kasorobo na lori lake na kamba nene begani. Anawakuta watu wanne wanakula mkate wa moto kuzunguka gari alilokuja kulizika. Anaelezwa. Haamini. Amenunua magari ya moshi kwa miaka kumi na tano na hajawahi kusikia gari lililougua kwa kupendwa. Mapatano ni mapatano, anasema, ila yeye ni mwungwana: kama gari litapanda kilima cha nyuma ya soko bila moshi, atazungusha lori arudi zake. Likitoa moshi, analivuta.

Pua anajaza lita nne, hazipungui wala hazizidi, anakausha mpira wa hewa, anarudisha plagi. Mkunga anashika usukani. Pua anakaa pembeni yake. Muokaji anakaa nyuma, kwenye kiti kile walipozaliwa watoto wanne, amepiga magoti akitazama kioo cha nyuma kama mlinzi.

Mara ya kwanza wanapanda. "Upo," anasema muokaji kwa huzuni. Moshi unawafuata hadi juu, hafifu lakini wa buluu. Mkunga anauma mdomo. Pua anamwambia ageuze, wateremke, wapande tena. Bomba limeloa kwa miezi kumi, halikauki kwa pumzi moja. Chini, mnunuzi ameshaanza kuikunjua kamba.

Mara ya pili muokaji anakawia kujibu. "Upo. Ila umekonda."

Mara ya tatu mkunga anakanyaga mafuta bila huruma. Injini inalia, gari linakipanda kilima kama mbuzi, mawe yanaruka, mwanamke mmoja anavuta beseni lake la nyanya pembeni. Wanafika juu. Nyuma kumenyamaza.

"Shemeji," anaita Pua. "Unaona nini?"

"Naona soko," anasema muokaji. "Naona soko lote, hadi lile duka la viatu."

Wanaporudi, Pua anampa mnunuzi kitambaa kipya akishike mwenyewe kwenye bomba hadi sitini. Mnunuzi anahesabu kwa sauti, akikosea kidogo kwenye arobaini. Kitambaa kinatoka na vumbi jeusi kavu, jepesi, linalopeperuka likipulizwa. Anakigeuza huku na huku, anakinusa pia, ingawa hajui anachonusa. Kisha anaikunja kamba yake. Anauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, ikiwa Jumatatu fundi atakuwa na nafasi, maana lori hili nalo lina kikohozi.

Simu ya mkunga inalia kabla hajapata hata kushukuru. Anasikiliza, anauliza uchungu umeanza saa ngapi, anauliza unakuja kila baada ya dakika ngapi, na mkono wake wa pili tayari umefungua mlango. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mkoba hauko kifuani. Ameutupa kiti cha nyuma.

Muokaji anainama dirishani. Anataka kujua sasa alfajiri afanye nini, maana ameshazoea kulifanyia kitu.

"Mfutie vioo," anasema Pua. "Vioo havina alama ya mwisho."

Gari la buluu linatoka langoni, linapiga kona, linashika barabara ya milimani. Nyuma yake hakuna kitu ila vumbi.

Pua anavibana vitambaa viwili pamoja, chenye doa mbele na kikavu nyuma. Kisha anamshika mnunuzi bega na kumpeleka kwenye pembe ya gereji, penye turubai la kijani. Analifunua nusu. Chini yake kuna gari dogo jeupe, la muundo ule ule aliokuwa nao mjomba wake miaka tisa iliyopita. Alilinunua likiwa ganda, na kwa miaka miwili amekuwa akilijaza kipande kwa kipande siku za Jumapili. Injini imo na imenuswa. Kinachokosekana ni gia boksi, na bahati ni kwamba mnunuzi anayo moja uani kwake, imefunikwa gunia. Kwa kuwa lori linarudi tupu na Jumatatu litahitaji daktari, wanakubaliana papo hapo kwa kupeana mikono.

Anatarajia kulimaliza kabla ya mwaka kwisha. Mjomba hajui lolote, licha ya kupita mbele ya turubai hilo kila siku.

Na habari hii ikitoka gazetini, mjomba akaisoma? Pua anacheka. Mjomba hununua gazeti kila asubuhi, anasema, lakini hulikatia vipimo vya nguo. Hii itakuwa mkono wa shati la mtu kabla hajafika aya ya pili.

Analishusha turubai, analichomeka pembeni kwa uangalifu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Anasema hataki shukrani, wala hataki ile hadithi ya zamani izungumzwe tena. Anachotaka ni kitu kimoja kidogo.

"Nataka asubuhi moja mjomba apite hapa asinisalimu kwa mdomo," anasema. "Apige honi."